Mizani ya Shimanzi

Mimi ndiye karani wa mizani. Uwanja wetu uko Shimanzi,
nyuma ya ghala la ngano, ambako hata njiwa ni wanene.
Gari likishushwa, nasoma sindano, naandika kilo.
Kitabu changu hakina safu ya majina.

Watu huniuliza:
mbona Pejo mia tano na nne bado zinapita Makupa,
zimepakia mihogo hadi nyuma zimechuchumaa,
na Simka, gari la mabwana, tuliiona mwisho lini?

Huwajibu: kwanza, chumvi.
Hapa bahari haiishii ufukweni.
Hupanda usiku, huingia chini ya zulia la gari,
hukaa penye mshono wa bati kama mgeni asiyeaga,
na siku moja unabonyeza mlango, kidole kinatokea ndani.
Gari lililoegeshwa Nyali likitazama maji
hufa kabla ya lile la Mariakani linalolala vumbini.

Lakini chumvi haihukumu peke yake.
Daktari Noronha wa Ganjoni alikuwa na Roveri ya kijani,
aliifunika turubai miaka kumi na tisa.
Jumapili aliifunua, akaipangusa, akaifunika.
Hakuiwasha, asije akaichosha.
Warithi walipoileta kwangu, panya walikuwa wamemaliza nyaya,
pistoni zimeng'ang'ania silinda, nyundo haikufua dafu.
Kilo elfu moja mia nne, pamoja na turubai.

Na Kalume wa Kisauni, Pejo yake haikuwahi kufunikwa hata na kivuli.
Ilibeba saruji, ilibeba maharusi, ilibeba jeneza la mkwewe.
Injini ya gari jingine, gia za gari jingine,
mlango wa kushoto mweupe, wa kulia rangi ya chai.
Ukimwambia hii si Pejo ile tena, atakuuliza:
na wewe, ngozi yako ni ile uliyozaliwa nayo?

Pejo ilizaliwa na ndugu wengi. Moja ikifa Voi,
ekseli yake inafufuka Likoni.
Simka ilikuja peke yake. Ilipounguza gasketi
barua ikaandikwa ng'ambo, meli ikasubiriwa,
na kusubiri ndiko kulikoiua.
Kuku walitaga kwenye kiti cha nyuma.

Basi nikadhani kanuni nimeipata: penye wengi, mmoja haozi.
Kisha nikaikumbuka Datsani.

Zilijaa mji huu kama kunguru.
Mwalimu alikuwa nayo, karani wa bandari alikuwa nayo,
baba yangu, Mwinyikombo, mshona kanzu wa Kibokoni,
alikuwa nayo, rangi ya ndizi mbivu.
Nani huweka akiba ya kunguru?
Tuliziendesha, tukazigonga, tukazing'oa taa,
kila mtu akijua kwamba jirani anayo.
Mwaka bei ya chuma ilipopanda zilipanga foleni getini
nami nikazipima zote. Ya baba ilikuwa ya tatu, Jumanne.
Kilo mia sita na themanini.
Kalamu yangu haikusita. Nikaita: inayofuata!

Nilibaki na mkono wa kuzungushia kioo.
Sijui niliung'oa saa ngapi; jioni niliukuta mfukoni.

Juzi akaja kijana wa Bamburi, Chivatsi,
anautafuta mkono huo huo.
Amemaliza Mombasa, amemaliza Malindi, amefika hata Tanga.
Kioo cha dereva anakishusha kwa koleo.
"Mko wangapi wenye Datsani?"
"Nilijua watatu. Wawili wameuza."
Hakusema wameuza wapi. Alitazama mizani, akatazama pembeni.

Nikafungua droo. Kwa mazoea
nikauweka kwanza pale panapowekwa magari.
Sindano haikutikisika.

Nikamwandikia risiti: kilo sifuri.
Malipo: alilete gari Ijumaa,
kioo nikishushe mimi.